Televisheni ya Kambo

Kila nikimenya waya wa televisheni, harufu ya plastiki yake hunirudisha nyumbani kwetu Naviundu. Kambo, mama yake baba, alikuwa amevunjika nyonga. Hakutoka tena chumbani, misa akaikosa, na maneno yakampungua.

Mama aliugawa waya wa sebuleni ili tawi moja lifike kwenye televisheni ndogo ya chumbani kwake, lakini televisheni zote mbili zikajaa chenga.

"Leka tu, mwanangu," kambo alisema. "Miye nilishazoea."

Mama hakuacha. Aliazima ampli, kisanduku cha kukuza mawimbi, akakifunga kabla ya pale waya ulipogawanyika. Mimi nikasimama mlangoni mwa kambo.

"Iko naonekana?"

"Bado, mama!"

Ghafla chenga zikatoweka, kwaya ya misa ikaonekana. Kambo akajiinua kitandani.

"Ongeza sauti! Siko nasikia muzuri!"

Mama aliketi sakafuni, koleo mkononi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.