Mikungu Miwili kwenye Pikipiki

Leo nimefanya ujinga. Nimeita bodaboda ipeleke mikungu yangu miwili barabarani, kwenye Fuso ya mnunuzi, nikasahau kwamba na mimi ninaenda. "Sasa wewe utakaa wapi, bosi?" kijana akauliza, akawasha, akaondoka. Nikafuata kwa miguu matopeni, utomvu wa ndizi ukininukia mikononi.

Hivyo ndivyo shingo ya mama ilivyonukia. Mlima huu huu wa Masukulu, mvua hii hii, mkungu kichwani mwake, mimi mgongoni nimefunikwa jani la mgomba. "Tumefika?" "Lala, mwanangu." Nikalala.

Nimefika nahema. Fuso imeondoka, mikungu imeachwa chini kwa kukosa mwenyewe. Jirani yangu anayeuza maparachichi pale hakunipa hata pole: "Mama yako alikuwa analiwahi gari, tena na wewe mgongoni."