Safu ya Pili ya Sahani

Hasira alizaliwa nazo. Mama yake alimwita Kipilipili tangu hajaota meno, na kazini, miaka kumi na tisa, walimwita Mama Sahani kwa ajili ya zile sahani ndogo za plastiki alimozifuga seli za ubongo wa panya. Alimfokea bawabu aliyeacha mlango wazi, akamfokea hata profesa aliyeingia maabara na kikombe cha chai, nao wakamvumilia, maana hakuna aliyezijua seli kama yeye. Alizilisha kila baada ya siku mbili, iwe Jumapili, iwe sikukuu, akiziinamia kwenye hadubini na kuzisemesha: "Haya, kuleni, msinitie aibu."

Mwaka ule walikuwa wakijaribu uyoga mmoja wa dawa, ule mgumu unaoota kwenye magogo. Walikamua viini vyake wakavitia katika safu ya kwanza ya sahani, na kesho yake wakatia sumu. Seli nyingi zikasalimika. Safu ya pili walitanguliza sumu, uyoga ukafuata. Zile zilikufa zote. Mama Sahani ndiye aliyezihesabu, na ndiye aliyezimwaga.

Jioni ile alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, furaha imemjaa tele. Mama alikuwa na ugonjwa wa kusahau, mwaka wa tatu sasa. Vidonge vya daktari havikumponya, ila vilimshikilia asizidiwe. Mdogo wake wa kiume, aliyeishi na mama, akapewa habari ya safu ya kwanza.

"Uyoga unalinda ubongo, mdogo wangu! Nimeona kwa macho yangu!"

Safu ya pili hakuigusa. Ya nini kutia shubiri kwenye habari njema?

Akasafiri miezi miwili kufundisha wenzake ufugaji wa seli katika mji mwingine. Aliporudi, begi bado begani, akakuta juu ya kabati la mama mkebe wa unga wa uyoga.

"Vidonge viko wapi?"

"Niliacha kumpa, dada. Vilikuwa vinamtia kichefuchefu. Siku hizi nampa uyoga, vijiko viwili asubuhi."

Alifoka mpaka mate yakamruka. Aliwaita wauza mikebe wezi, wanaonyonya watu waliokata tamaa. Alimwita mdogo wake mjinga, kichwa maji, muuaji.

"Zilikuwa seli za panya! Kwenye sahani! Na zile zilizotangulia kupigwa na sumu zilikufa zote, unanisikia? Zote! Nani alikwambia uache vidonge?"

"Wewe ulisema unalinda ubongo," alijibu kwa sauti ya chini. "Hizo zilizokufa hukuzitaja."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote. Aliukamata mkebe kana kwamba atauvunja, akageuka atafute wa kumgombeza, asimpate ila nafsi yake.

Mama alikuwa akiwatazama kutoka kitini. Alinyoosha mkono, akamgusa kiwiko kwa adabu, kama mtu anavyomgusa mgeni.

"Pole, dada yangu. Nani kakuudhi hivyo? Kaa kidogo. Nina binti yangu, Kipilipili, mkali huyo! Yuko safarini. Akirudi mwambie yeye, atakupigania."