Nailoni ya Remote

Juzi nilinunua remote ya TV za kila aina pale Kathonzweni, ikiwa bado na nailoni yake, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mtoto, nailoni ya remote yetu ilikuwa haiguswi. Mimi niliibandua. Siku hiyo hiyo remote ikakataa kufanya kazi. Niliamini nguvu zake zimevuja kwa sababu ya nailoni niliyoibandua, na wiki nzima nikawa naomba kimyakimya.

Jumamosi alasiri, harufu ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ikitoka jikoni, baba alirudi na remote mpya. "Hii inashika TV yoyote," alisema, akikunjua karatasi ya namba za kuiunganisha. Lakini haikuwa na betri. "Mwende, toa zile za remote ya zamani," aliniagiza.

Niliifungua ile ya zamani. Ndani hakukuwa na betri hata moja.

Baba aligeukia jikoni, ambako redio ndogo ya nyanya ilikuwa ikihubiri kwa sauti kubwa.

"Mwaitu," alimwuliza mama yake, "hizo betri ulitoa wapi?"

"Kwa remote," nyanya alijibu bila wasiwasi. "Nyinyi mlikuwa mnaangalia mpira tu."

Nililia kwa furaha, wakadhani nina njaa.

Leo najua nailoni haizuii nguvu yoyote kuvuja. Lakini ile ya juzi sijaibandua.