Duara la Mawe Kwenye Shimo la Udongo

Nilisema sitaki kuandika, nikaambiwa bibi andika, wewe ndiye unayemjua. Kumjua ni jambo moja, kalamu ni jambo jingine. Vidole vyangu vimezoea kukamua mashuka, na shule niliichungulia dirishani tu. Lakini nimesikia yanayosemwa sokoni juu ya Mama Filimbi, na mengi ni uongo mtupu. Basi nitaandika, hata mistari ikipanda mlima. Asiyependa mwandiko wangu afumbe macho.

Mama Filimbi ni dobi wa hospitali, tunafua pamoja. Asubuhi mashuka, mchana mashuka, na Jumamosi alikuwa wa wasichana. Miaka kumi na saba alikuwa msaidizi wa kikundi cha skauti wa kike, bila mshahara, bila hata soda ya ahsante. Alianza kwa kumsindikiza binti yake. Binti akakua, akaolewa, akahama, mama akabaki. Kiongozi wa kikundi, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeshika daftari na barua. Mama Filimbi alishika mengine yote: kufunga vidonda, kufundisha mafundo ya kamba, kusuka upya nywele zilizofumuka, na kuwanyamazisha kwa ile filimbi iliyompa jina.

Kusoma hakujua sana. Jina lake aliliandika kama anayechimba msingi wa nyumba. Lakini ishara za njia, zile ambazo skauti huachiana porini, alizisoma kuliko karani. Mshale wa vijiti: pita huku. Msalaba: usipite. Duara la mawe lenye jiwe moja katikati: nimekwenda nyumbani.

"Haya ndiyo maandishi yangu," aliwaambia wasichana, "na ndani yake hamna uongo. Ukiona duara, humtafuti mtu. Ameshakwenda."

Alikuwapo msichana wa miaka kumi waliyemwita Kijiti, mwembamba, mdomo kama cherehani. Mama yake alikuwa muuguzi hapohapo hospitali. Huyu mtoto alimganda Mama Filimbi kama kupe.

"Bibi, mimi nikikua nitakuwa msaidizi kama wewe."

"Kuwa daktari, mjinga we. Usaidizi unalipwa kwa maumivu ya magoti."

"Basi nitakuwa daktari mwenye filimbi."

Jumamosi ile walikwenda kwenye kichaka nyuma ya kiwanda cha zamani cha matofali. Wasichana thelathini na mmoja, wanawake wawili. Wazazi waliwashusha watoto, wakapunga mkono, wakaenda zao. Mchezo ulikuwa wa kufuata njia: wawili wanatangulia wakiweka ishara, wengine wanafuata nyuma. Kijiti alipangiwa mwenzake, lakini mwenzake akaanza kutapika, Mwalimu akambeba mgongoni kumrudisha kwao. Mama Filimbi akabaki peke yake na kundi zima.

"Nitaweka njia mwenyewe, Bibi."

"Kanuni ni wawili."

"Bibi jamani! Nazijua zote. Niulize yoyote."

Mama Filimbi akamtazama. Kweli alizijua zote, na kwao hapakuwa mbali, ng'ambo tu ya kichaka. "Haya, nenda. Ukimaliza weka duara lako."

Wakafuata. Mishale ilikuwa imenyooka, hakuna aliyepotea. Mwisho wakalikuta duara, kando ya shimo lililochimbwa udongo zamani, limeviringika vizuri kama sahani, jiwe katikati. Mama Filimbi alijaa fahari, kifua kikamvimba kama aliyezaa mwenyewe.

"Bibi, tumwite?" akauliza msichana mkubwa wa kundi.

"Umwite nani? Hujui kusoma? Kaandika amekwenda nyumbani."

Wenzake wakamcheka. Mama Filimbi akapuliza filimbi mara moja, wakajipanga, wakarudi wakiimba.

Kijiti alikuwa hatua chache kutoka hapo, chini. Alipomaliza duara lake ukingo uliporomoka, akateremka nao hadi kwenye maji ya mvua, udongo ukamkaba kifuani.

Jioni muuguzi alibisha kwa Mama Filimbi akiwa bado na sare ya kazi. "Shikamoo mama. Huyu Kijiti umeamua kumchukua moja kwa moja?" Alikuwa anatania.

"Alikwenda nyumbani," akasema Mama Filimbi. Akayasikia maneno hayo yakimtoka, na miguu ikaanza kukimbia kabla hajaiamuru.

Walimtoa akiwa hai. Akalazwa wodi ya watoto siku tatu. Mama Filimbi hakuthubutu kuingia wodini, lakini kazini alikwenda siku zote tatu. Mashuka ya watoto yalitiwa uzi wa buluu pembeni. Aliyatafuta katika kila furushi, akayafua kwa mkono ilhali mashine ipo wazi. Akilisikia shuka lina harufu ya udongo, alijua mtoto bado yupo.

Siku ya nne furushi lililetwa na muuguzi mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Akaliweka mezani, akaling'ang'ania.

"Ametutoka, mama," akasema. Kisha: "Alisema aliisikia filimbi yako. Alisema aliitika."

Mama Filimbi alingoja atukanwe. Alingoja kofi; angelishukuru. Muuguzi akashikashika kifungo cha sare ambacho kilikuwa kimefungwa tayari, akageuka, akatoka.

Wazazi waliitana kikao shuleni. Siku hiyo walipatikana wote. "Mmewakabidhi watoto wetu kwa mwanamke asiyejua kusoma!" akafoka baba mmoja. Mwalimu akainuka kumtetea, Mama Filimbi akamvuta gauni akae.

"Nilisoma," akasema. "Nilisoma vizuri sana. Laiti nisingejua kusoma, ningetazama shimoni."

Akaivua filimbi shingoni, akaiweka mapajani mwa Mwalimu, akaenda zake. Mwaka wa pili huu. Mashuka anafua kama kawaida, salamu anaitikia. Jumamosi anafunga mlango na madirisha, na wasichana wakipita wakiimba, anafungulia maji ya bomba yamwagike kwenye karai hadi wapotelee mbali. Msichana mkubwa alibisha mara tano. Hajafunguliwa.

Sasa nakusemesha wewe uliyefika hapa. Kosa ni la Mama Filimbi, sikatai, na mwenyewe hajakataa hata siku moja. Lakini asubuhi ile wazazi wa watoto thelathini na mmoja walikuwa wapi? Mlikuwa mnakunywa chai. Na sasa Mwalimu yuko peke yake, wasichana ni walewale. Pole zako sizitaki, na yeye hazitaki. Jumamosi, saa tatu, ukimleta binti yako usigeuke. Ingia. Ubaki mpaka mtoto wa mwisho aguse mlango wa kwao, umwone kwa macho yako.