Nyumba ya Mama Rebeka Iliyobebwa Nzima

Siku yangu ya kwanza kazini nilipima ploti ya mjane kutoka mahali pasipo sahihi, kwa sababu ya siafu. Naanza na hilo ili mnicheke mapema, mmalize, kisha mnisikilize kwa adabu inayomfaa mtu aliyewahi kuajiriwa. Mimi niliajiriwa likizo nzima na nikastaafu shule ilipofunguliwa. Kuna wazee hapa Nakuru ambao hawajastaafu hata mara moja.

Ilikuwa kazi ya nyumba za vipande. Ploti ndogo ndogo zilikuwa zimekatwa chini ya mtaa wetu, na nyumba zenyewe zikaja kwa reli zikiwa zimetengenezwa tayari: kuta za mabati kwenye fremu za mbao, dirisha limeshakaa, mlango umeshakaa. Mafundi wanaziunganisha kwa bolti. Asubuhi unaona nyasi, jioni unaona mtu anatundika pazia.

Mkubwa wangu alikuwa Nyapara, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Alinikabidhi kichwa cha tepu ya kupimia, pamoja na sheria.

“Kijana, hizi ploti ni kama kiganja. Mbele acha futi kumi na tano, hapo ni pa barabara. Nyuma acha njia ya gari la ndoo za choo. Katikati ndiyo nyumba. Ukikosea mbele, Bwana Mkaguzi anabomoa. Ukikosea nyuma, ndoo hazizolewi, na mtaa wote utajua jina lako.”

“Na mtu akitaka nyumba yake ikae pembeni, mzee?”

“Akaiweke kwao.”

Kichwa cha tepu hushikwa juu ya bikoni, yaani kile kigingi cha zege kinachoonyesha mpaka. Lakini bikoni ya Mama Rebeka ilikuwa imefunikwa na siafu, nami nilikuwa pekupeku. Nikasogea hadi kwenye ua wa miiba uliopandwa zamani karibu na barabara, nikashika hapo, nikapaza sauti: “Sawa!” Nyapara, huko upande wa pili, akaamini. Nyumba ikasimamishwa.

Mama Rebeka alitoka Keringet. Mumewe alikuwa mkamuaji kwa Mzungu mmoja, na nyumba ya kibarua ni ya kazi: mume alipofariki, mkamuaji mwingine akaja na mizigo yake, mama akatoka na yake. Sasa alikuwa akiuza uji karibu na stesheni, na hii ndiyo ilikuwa nyumba yake ya kwanza kuitwa yake. Jioni ya kwanza nilimwona akifungua mlango na kuufunga, akifungua na kuufunga, wala haendi popote. Alikuwa akisikiliza kitasa.

Bwana Mkaguzi alikuja Ijumaa kukagua. Alikuwa Mzungu mrefu, na Kiswahili chake kilichechemea. Alipima kutoka kwenye bikoni, akapima tena.

“Hii nyumba nakuja mbele futi tatu. Kesho mimi narudi. Kama iko hapa, vunja. Ploti napewa mtu ingine.”

Mama Rebeka hakulia. Aliingia ndani, akaepua sufuria ya maharagwe kana kwamba hata moto ulikuwa umekatazwa.

Mafundi walikuwa wameshakwenda Gilgil na spana zote. Tena ilikuwa miaka ya hali ya hatari, giza likiingia hakuna kutoka nje. Nikamwendea Nyapara, nikamwambia ukweli kabla miguu yangu haijabadilisha mawazo. Akauliza:

“Siafu walikuwa wengi?”

“Wengi, mzee.”

“Na mwenye nyumba ni mmoja.”

Akavua kofia, akaketi juu ya jiwe. Heri angenipiga.

Mama Rebeka akatokea mlangoni. “Mnakaa kama watu wa matanga! Kwetu ghala likihamishwa halivunjwi. Watu wanaingiza miti chini, wanabeba.”

“Mama, hii si ghala,” akasema Nyapara.

“Kweli si ghala. Ghala lina mahindi, kwa hiyo hii ni nyepesi zaidi.”

Nyapara akainuka. Sakafu ilikuwa bado udongo. Nyumba ilishikwa na waya kwenye pembe tu. Tukakata waya. Wanaume waliotoka kazini kwenye reli wakaja na miti ya mikaratusi, na wanawake wa mtaa, mama yangu akiwa miongoni mwao, wakafunga kanga viunoni. Mimi niliwekwa kwenye bikoni na tepu yangu. Siafu walikuwa wamehama bila kuaga.

“Ukisogea hapo,” Nyapara akaniambia, “nitakuzika uwe bikoni ya pili.”

“Mama, toka ndani!” watu wakamwita. “Itakuangukia!”

“Nimeshatolewa nyumba moja,” akajibu kupitia dirishani. “Hii natembea nayo.”

Wakainua. Nyumba ikalia pande zote kama debe, ikaanza kurudi nyuma, na chini ya mabati tukaona miguu miwili ya Mama Rebeka ikitembea polepole pamoja na kuta zake. Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mnanijua.

“Bado!” nilipaza sauti. “Bado! Bado kidogo! Shusheni!”

Jumamosi Bwana Mkaguzi alipima mara tatu. Akautazama mstari wa vumbi kavu mahali ukuta ulipokuwa umesimama, akatutazama mabega.

“Hii nyumba natembea?”

“Bwana, nyumba haina miguu,” akasema Nyapara.

Bwana Mkaguzi akatia alama ya chaki mlangoni, kwamba nyumba imepita. Mama Rebeka akampa kikombe cha uji, naye akakinywa akiwa amesimama, akaenda zake.

Nimefikiri sana tangu nistaafu, yaani tangu Jumatatu. Sheria ya futi kumi na tano si mbaya, barabara lazima ipite. Lakini nyinyi mtakaopewa tepu siku moja, jueni kwamba upande wa pili wa ile tepu yuko mtu anayesikiliza kitasa chake.

Sisi nyumbani tunakaa chumba kimoja cha kupanga, watu watano na pazia la gunia. Jumamosi ile jioni nilimweleza mama yote, siafu nao, nikiwa nimesimama karibu na mlango kwa usalama wangu. Alikuwa akijikanda bega. Aliendelea kulikanda, macho yake kwenye lile pazia. Kisha akasema:

“Siku ukija kupima yangu, mlango uangalie jua linakotoka.”