Mama Giza na Wachumba wa Pangoni

Ukitaka kumwona Mama Giza akipandwa na mori, mwambie kwamba jiwe ni jiwe tu. Meneja wa kazini kwake alimwambia hivyo asubuhi moja, mbele za watu, kikombe cha chai mkononi, na hadi leo akikumbuka mishipa ya shingo inamsimama. "Eti jiwe ni jiwe tu!" huiga ile sauti ya puani. "Basi na yeye ni nyama tu. Mbona akifinywa anapiga kelele?"

Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni pangoni. Si pango la kujikingia mvua. Ni pango lenye kumbi na ngazi na dari refu kuliko nyumba yoyote ya mjini, lililochongwa na maji tangu mtu hajajua kusimama kwa miguu miwili. Watu hutoka mbali, wakapanga foleni mlangoni, wakalalamika jua, kisha wakiingia ndani wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Bibi yake aliwaingiza wageni kwa mienge. Mama yake aliwaingiza kwa karabai. Yeye alikuta umeme, nyaya zimepitishwa ukutani hadi ukumbi wa mwisho, na pale ukumbi wa mwisho pana swichi. Swichi hiyo ndiyo iliyompa jina.

Alikuwa akiwakusanya wageni wote nyuma ya kamba, akawaambia, "Nyinyi mnadhani mmewahi kuona giza. Hamjawahi." Kisha, tap, anazima. Lilikuwa giza ambalo ukiupeleka mkono puani huuoni. Watoto walishika nguo za mama zao, na wanaume wazima waliokuwa wakitamba njia nzima wakaanza kukohoa. Humo gizani ndipo mtu alisikia matone. "Huyo mnayemsikia ndiye fundi," alisema Mama Giza. "Hajawahi kuumwa mgongo, hajawahi kuomba likizo."

Kazi kubwa kuliko zote ya fundi huyo ilikuwa Wachumba, mawe mawili ya ukumbi huohuo yaliyolindwa na kamba ile. Jiwe moja, Bwana, lilining'inia kutoka darini, jembamba, limechongoka. Jingine, Bibi, lilisimama chini yake likimwinulia uso. Kati yao palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole, basi. Tone lilitoka kwenye ncha ya Bwana, likamdondokea Bibi utosini, likamwachia chembe ya chokaa isiyoonekana. Bibi yake Mama Giza alimwambia alipokuwa mdogo kwamba wajukuu wa wajukuu zake wangekuja kuona mawe hayo yamegusana, na siku hiyo ndiyo ingekuwa harusi. Mama Giza aliisubiri harusi hiyo kama mtu mwenye kadi ya mwaliko mkononi.

Kwake, hakuna ajabu lolote duniani lililowafikia Wachumba, naye maajabu ya dunia aliyajua. Aliyajua kwa kalenda. Ilining'inia jikoni kwake, kila mwezi na picha yake, na ingawa mwaka wake ulikwisha zamani hakuwahi kuitoa. Kutoka hapo alichota, akatia chumvi yake, akawapa wageni. "Zile bustani za kuning'inia, leo hakuna hata mmoja anayejua zilikuwa wapi hasa. Yule mtu wa shaba aliyepanua miguu meli zikampita chini, tetemeko lilimkata magoti. Akalala chini miaka nenda miaka rudi, na watu wakawa wanafunga safari kwenda kumtazama amelala. Mnara wa taa nao matetemeko yakautafuna. Zimebaki piramidi za Misri, na hizo zilijengwa watu wakifokewa. Wachumba wangu nani amewafokea?"

"Mama, yule mtu wa shaba hakupanua miguu," binti yake, kitinda mimba, alimwambia siku moja. "Vitabu vinasema alisimama kawaida."

"Vitabu vilikuwepo?"

Lakini hadithi iliyomkera hasa ni ya hekalu la marumaru, lile lililochomwa moto na mtu mmoja kwa sababu alitaka atajwe na walimwengu, basi, hana ugomvi na yeyote. Wenye mji wakapiga marufuku jina lake lisitamkwe kamwe. Kila akifika hapo mgeni mmoja hakosi kuuliza, jina lake nani? "Nimesema limekatazwa, na wewe unauliza! Umetumwa?" Wageni walicheka. Binti huyohuyo, aliyekuwa akijifunza kazi nyuma yake, alimnong'oneza wakiwa njiani kurudi kwamba jina hilo lipo vitabuni, kukataza hakukusaidia kitu. "Basi vitabu havina adabu," akasema Mama Giza, na mada ikaishia hapo.

Kisha akaja Mgeni Mkubwa.

Tumwite hivyo, maana Mama Giza hataki aitwe vinginevyo. Zulia jekundu lilitandikwa hadi mdomoni mwa pango, likalowa, likawa linafanya chubwichubwi kila likikanyagwa. Meneja alikimbia huku na huku akifuta jasho, na walipofika ukumbi wa mwisho, jamani, akaishika kamba kwa mikono yake mwenyewe, akaiinua, akasema, "Mheshimiwa, sogea tu, wewe si wa kukaa nyuma ya kamba." Mgeni Mkubwa akasogea. Akasimama kando ya Wachumba, mkono ukiinuliwa unaifikia ncha ya Bwana.

Mama Giza aliliona hilo, na halikumpendeza, lakini alifanya kama alivyofanya kila siku. Angedhani vipi? Mtu mzima, ana wajukuu, ana walinzi, ana watu wa kumfungulia mlango wa gari. Akasema maneno yake ya giza, akazima.

Matone yakasikika. Halafu, katikati ya matone, ikasikika sauti kavu. Kak!

Aliwasha haraka hadi kucha ikakatika kwenye swichi. Bwana hakuwa na ncha. Pale palipochongoka palikuwa na kidonda cheupe kama jino lililovunjika. Na Mgeni Mkubwa alikuwa ametia mkono kwenye mfuko wa koti, anatazama dari kwa unyenyekevu kama anayesali, na kwenye kitambaa cha mfuko doa la maji linatanuka polepole.

"Mzee," Mama Giza alisema, "toa ulichotia mfukoni."

Walinzi wakatazamana. Ndipo Meneja alipocheka kwa nguvu, kicheko cha mtu anayezama, akaanza kupiga makofi. Wote wakapiga makofi. Kwa makofi hayohayo wakamtoa Mgeni Mkubwa hadi kwenye gari lake, na kazi ambayo tone limeifanya tangu mababu hawajazaliwa ikaondoka mfukoni kama ganda la karanga. Walimpigia makofi! Mtu akivunja kikombe cha jirani huomba radhi. Huyu alishangiliwa.

Kesho yake wakaitwa ofisini, waongozaji wote, binti yake akiwemo. Meneja na kikombe chake cha chai. Akatangaza kwamba pangoni kulitokea tetemeko dogo, likaangusha ncha ya jiwe moja, na wageni wakiuliza ndilo jibu.

"Tetemeko la lini?" akauliza Mama Giza. "Lililoitikisa ncha moja tu, popo hawakuamka?"

"Mama, wewe ulimwona mtu akivunja?"

"Nilimsikia. Na mfuko wake ulilowa."

"Pangoni kila mtu analowa. Nauliza, ulimwona?" Meneja alikunywa funda. "Giza lilikuwa, Mama. Kwenye giza hakuna shahidi. Na hata hivyo, jiwe ni jiwe tu. Atakayesema vingine aache sare yake hapo mezani."

Mama Giza alivua koti la sare papo hapo, akalitupa juu ya meza, na kikombe cha chai kikapinduka, na hilo hajalijutia. Alipotoka nje alikuta mafundi wanatoboa mwamba wa mlangoni kwa mashine, vumbi jeupe likiwajaa nyusi. Walikuwa wanafunga kibao cha shaba, kinang'aa hasa, chenye jina la Mgeni Mkubwa kwa herufi kubwa, kumbukumbu ya ziara yake. Alisimama akalisoma lote. Kisha akaenda zake nyumbani, na njiani hakuitikia salamu ya mtu.

Binti yake hakuvua sare.

Jioni hiyo jikoni, chini ya kalenda, yalitoka maneno. "Na wewe utawaambia tetemeko?" Mama Giza alikuwa anamenya vitunguu kama anayevikomoa. "Kwa mdomo huohuo niliokufundisha kusemea?"

"Mama, nina mtoto. Baba yake unamjua, hata nauli ya shule hatoi. Nikivua sare tutakula nini, hasira zako?"

"Na mimi nilikuwa na nyinyi watoto! Nilidanganya?"

"Mama," binti akasema, taratibu, "aliyezima taa ni wewe."

Mama Giza aliweka kisu chini. Vitunguu vilimpa kisingizio cha macho yake, ila hakikumtosha. Tangu hapo wakawa wanakula sufuria moja na kulala ukuta mmoja, wanasemeshana kupitia kwa mjukuu. Mwambie mama yako chumvi ile pale. Mwambie bibi nimeiona. Kazi haikumkosesha Mama Giza usingizi, kazi alishaimaliza. Kilichomkaba rohoni ni kwamba uongo ule sasa ungekuwa urithi. Bibi yake aliwaingiza watu kwa mienge, mama yake kwa karabai, yeye kwa umeme, na wote walisema kweli. Wa nne ndiye angeanza kudanganya, na huyo wa nne alimzaa mwenyewe.

Akavumilia, akavumilia, akashindwa. Asubuhi moja alijitanda mtandio hadi puani, akapanga foleni na wageni kama mtu baki, akaingia. Kundi lilikuwa la walimu. Meneja mwenyewe aliandamana nao, maana walimu huleta wanafunzi. Binti yake aliwatangulia, akionyesha kumbi kwa mkono, na Mama Giza akiwa mkia wa msafara alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia: fundi, likizo, bustani za kuning'inia. Mtu wa shaba tu ndiye aliyefunga miguu.

Alishakata shauri. Binti akizima taa, yeye angepaza sauti humo gizani, aseme kweli yote, halafu wamtoe kwa kuburutwa wakitaka.

Walifika kwa Wachumba. "Kwa mujibu wa uongozi," binti alisema, amenyooka, uso mkavu, "ncha ya jiwe la juu iliangushwa na tetemeko dogo." Meneja akatikisa kichwa, ameridhika. Mama Giza alitaka kugeuka atoke. Taa ikazimwa.

Walimu wakakohoa. Matone yakaja. Mama Giza hakuwa amelisikia tone la Wachumba tangu siku ile. Zamani lilikuwa likisema ti, kwa adabu. Sasa lilianguka kutoka juu zaidi, likatua vibaya, likasema pwa. Alivuta pumzi ili aseme. Sauti nyingine ikamtangulia.

"Hakukuwa na tetemeko," ilisema sauti hiyo, tulivu, wala haikuwa na haraka. "Ncha ile ilivunjwa kwa mkono, gizani kama hivi, ikatiwa mfukoni. Aliyeivunja mmelisoma jina lake pale mlangoni, limeandikwa kwa shaba. Mkitoka, lisomeni tena."

Taa ikawaka.

"Nani kasema hayo?" Meneja macho yalimtoka pima. "Nani?"

Binti alikuwa ameshika swichi. "Yapi, bosi?"

"Nimesikia! Nimekusikia wewe!"

"Umesikia," akasema binti. "Ulimwona?"

Mwalimu mmoja akaguna. Mwingine akaziba mdomo kwa kitabu. "Giza lilikuwa, bosi," binti akaendelea, kwa heshima zote. "Na kwenye giza hakuna shahidi." Nyuma kabisa ya kundi, mwanamke aliyejitanda mtandio aliangua kicheko hadi mtandio ukamdondoka, na Meneja akamtambua.

Angeweza kumfukuza binti, na bila shaka alitaka. Lakini waongozaji wengine waliipata habari hiyo kabla ya chakula cha mchana, na kuanzia hapo kila kundi lililoingia, taa ikizimwa, sauti ilisema. Leo ya mwanamke, kesho nzito ya kiume. Meneja akakataza taa zisizimwe. Wageni wakaja juu, giza ndilo walilolifuata, wakadai warudishiwe viingilio, na giza likarudishwa. Basi watu wakawa wanatoka pangoni moja kwa moja hadi kwenye kibao, wanasoma jina kwa sauti, wanapiga picha wakilinyooshea kidole.

"Unaona," binti alimwambia mama yake jikoni, bila kupitia kwa mtoto. "Wale wa hekalu walikosea. Jina halifichwi. Linaachwa palepale watu walione."

Mama Giza alikubali kwa kinywa tu, maana moyoni hajapoa na hatapoa. Bwana hana ncha. Tone limeanza kazi upya, na hakuna mjukuu wa mjukuu wa mtu yeyote pale atakayeiona harusi. Mtu mmoja aliinyang'anya dunia kitu kwa kuinua mkono, na hajaulizwa na yeyote.

Asubuhi moja gari lisilo na maandishi lilikuja, watu wawili wakashuka, wakakifungua kile kibao, wakakifunga kwenye gunia wakaondoka nacho. Yakabaki matundu ya skrubu kwenye mwamba, meupe, kila pembe lake. Mama Giza alipoyaona alikaribia kupasuka. "Hata kuondoka kwake kaacha uharibifu! Kwenye mwamba wa mlangoni!" Akayagusa moja moja kwa kidole, akiapiza.

Mgeni aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alimtazama, kisha akamgeukia binti aliyevaa sare. "Samahani, dada. Haya matundu ni ya nini?"

Binti alimtupia mama yake jicho, akafungua lango.

"Ingieni ndani," akasema. "Nitazima taa, mtaambiwa."