Mawe Yaliyopakwa Mafuta ya Nazi

Mimi darasa la pili sikulimaliza, lakini Mafia nzima aliyetaka kombe la baharini ling'are kama kioo alikuja kwangu. Msumeno nilijifundisha mwenyewe, na kusugua kwa ngozi kavu ya samaki taa nilijifundisha mwenyewe. Ndiyo maana mwaka tulipohamia kijiji cha ujamaa, mjane mmoja alipopata shida nilifuatwa mimi, hakufuatwa mwalimu.

Mjane huyo alikuwa na kasha la mawe ya mviringo, yamejisokota kama nyoka aliyejikunja, kaachiwa na mumewe aliyewahi kufanya kazi na wapima miamba huko Lindi. Kule shambani alikokaa zamani hakuna aliyejua. Kijijini nyumba zimebanana. Jirani akachungulia, akamwona Alhamisi jioni akiyapaka mafuta ya nazi, moja moja. Ikaenea kwamba anafuga nyoka, kawageuza mawe. Mtoto wa jirani akashikwa na homa, basi tena. Balozi wa nyumba kumi akasema kasha litatoswa baharini baada ya swala ya Ijumaa, ila kama atatokea mtu wa kueleza ni vitu gani.

Nilimkuta mjane amelikalia kasha lenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Wakiyatosa haya, sina kingine alichokishika marehemu kwa mkono wake."

Nikayapanga uani, watu wamejaa. Mengine mazima, yamesuguliwa hadi yametoa michoro kama kingo za jani la mpapai. Mengine yamekatwa katikati, na ndani ni vyumba vyumba vinavyometa kama chumvi ya mawe.

"Nyoka mwenye vyumba mmemwona wapi?" nikauliza.

"Labda huyu kapanga," mmoja akadakia. Wakacheka, lakini hawakuondoka.

Nikaona maneno hayatoshi. Nyumbani nilikuwa na kombe moja la mviringo, jeupe lenye milia ya kahawia, nililoliokota Ras Mkumbi likielea tupu. Wageni walilitaka, nikawanyima. Nikalileta, nikalipasua katikati mbele yao. Ndani vyumba vilevile, msokoto uleule.

Balozi akaiweka nusu moja kando ya jiwe. "Kumbe kombe!"

"Ndilo hilohilo," nikasema kwa sauti. "Limekaa ardhini likawa jiwe."

"Si hilohilo, fundi," mjane akasema. "Tazama kijibomba hiki kinachounganisha vyumba. Chako kinatoboa kuta katikati. Cha haya kinapita ukingoni, huku mgongoni. Nayapaka mafuta miaka yote hii, nayajua."

Nikatazama. Kweli. Nikasema nilikuwa namjaribu, hakuna aliyeniamini. Miaka mingi baadaye mpima miamba aliyepita kisiwani aliniambia yanaitwa amonaiti, jamaa wa mbali wa kombe langu, na kwamba kijibomba kile ni alama mojawapo ya kuyatambua. Nikamwambia hilo nalijua zamani.

Balozi alibakiwa na swali moja. "Na mafuta je, mama?"

"Bila mafuta yanafifia, mwanangu. Kwani wewe baiskeli yako huipaki?"

Hapo hata mama wa yule mtoto mgonjwa alicheka, akainama akashika jiwe moja, akaligeuzageuza.

Kasha halikutoswa. Mjane aliniomba nusu moja ya kombe langu aiweke humo pamoja na mawe yake, nikampa. Nusu ya pili ninayo mpaka leo. Kombe halihitaji mafuta, mimi fundi nalijua hilo kuliko yeyote. Lakini kila Alhamisi jioni nami hulipaka.